Kava la Usukani Ambalo Haliuzwi

Tandika, Alhamisi, baada ya Alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. U hali gani mama? Najua ni kichekesho kukuuliza saa hizi, maana nakusikia hapo uani ukianua nguo na kubishana na kuku wa jirani. Lakini utakapoisoma barua hii utakuwa umeshapita Morogoro, kama nilivyokuagiza, nami nitakuwa huku dukani najifanya kupanga vitu ambavyo vimeshapangwa. Kwa hiyo nakuuliza hali ya huko uliko. Kifua kimetulia? Ile mikate ya kumimina umeila, au umeigawa kwa watu wa behewa zima? Mie sijambo, alhamdulillahi.

Sikuandikii mambo ya kujifunika baridi ya Dodoma, wala ya kupika, wala ya kuchagua marafiki. Hayo tumeshayasema mpaka yamechuja, na mengine umenifundisha wewe. Nakuandikia jambo moja tu, nililolibeba tangu ulipokuwa darasa la nne. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Juzi nilikuja hadi mlangoni mwako, nimeshajipanga, ukaniangalia, nikaishia kukuuliza kama umenunua sabuni. Kwenye simu nako sitaki, maana ujumbe wa simu mtu anaufuta kwa kidole. Huu usiufute.

Kilichonisukuma ni Ijumaa iliyopita. Tumerudi toka Jumaa, tunakula, nikakwambia mjomba wako Shabani amepiga simu, kasikia unakwenda Dodoma kwenye ile karakana ya bajaji za umeme, ana chumba, mkewe anakukaribisha. Ukajibu bila hata kuinua macho: "Mama, siwezi kulala kwa mtu aliyekula gari letu. Nitapanga."

Nikaweka mwiko chini. Nikasema, "Haya, kula basi, wali unapoa." Ndiyo yote niliyosema. Tangu siku hiyo, mwanangu, jibu lako linanifuata hadi dukani.

Habari ya Shabani nitaifikia. Ila niache kwanza nikueleze nilichokiona kwako, maana bila hicho nisingepata nguvu ya kuandika haya mengine.

Unakumbuka siku uliyoingia dukani na chaki? Ulikuwa umemaliza mwaka wa kwanza chuo cha ufundi. Ukasema, "Mama, nataka nikuonyeshe kitu, usikasirike." Ukaanza rafu ya kwanza. Plagi, ukachora mkasi, ile alama ya kosa. Filta ya oili, mkasi. Mikanda ya injini, mkasi, gasketi, mkasi. Mie nimesimama na khanga yangu kiunoni, naona miaka yangu ishirini inachorwa mikasi. Ami Nasoro akatoka kwenye duka lake la matairi, akaegemea mlango wetu akicheka kile kicheko chake cha kukohoa. "Mama Zuhura, umelea mwenyewe mtu wa kukufungia duka!"

Ukamjibu, "Ami, wewe usiwe na wasiwasi. Hata gari la umeme linahitaji viatu."

Kisha ukageukia rafu za upande wa pili. Breki pedi, ukachora vema. Bushi, vema. Shokapu, beringi, taa, wipa, vema, vema, vema. Ukasema, "Haya yanabaki hata magari yakiwa ya umeme, mama. Nusu ya duka inabaki. Na ile nusu nyingine haifi kesho wala keshokutwa, magari ya mafuta bado yapo barabarani miaka mingi. Lakini tuanze kubadilika mapema, tusije tukashtuliwa." Nikakuuliza kwa utani, ingawa moyoni haukuwa utani, "Na mimi je, nachorwa nini?" Ukanichora vema kwenye shavu, na chaki yako. Nikaifuta upesi nikasema chaki inawasha. Haikuwa inawasha, Zuhura. Niliona siistahili.

Halafu kuna ile ya Ami Nasoro na bajaji yake ya kusambazia matairi. Hii ndiyo iliyonivunja.

Wewe unajua tunavyokaa siku ya bajeti, mwezi wa sita. Maduka yote ya mstari wetu yanaacha kuuza, sote tunabana mbele ya redio yake, na yeye anakemea, "Kimya! Wanafika kwenye ushuru wa magari!" Mwaka huu wanashusha hiki, mwaka ujao wanapandisha kile, na kila mtu anatoka na tafsiri yake. Tangu mdogo ulikuwa unakaa chini na daftari, unaandika. Sasa msimu huo Ami akasikia vyombo vya umeme vinazungumzwa, akaja mbio, ameona bajaji ya umeme ya mizigo, mtumba, kwenye simu yake. Inang'aa. Anataka kutuma hela siku hiyo hiyo.

Ukamwambia, "Ami, kabla hujatuma, twende forodhani tukaulize."

"We mtoto, mie nimeagiza vyombo tangu mama yako hajaolewa."

"Vya mafuta, Ami. Hiki hakina injini. Unajua watakiweka kundi gani la ushuru?"

Akavaa kofia yake, mkaenda. Mliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, hata duka lake hajafungua, akasimulia kwa mikono miwili. Kwamba binti yangu kakaa mbele ya afisa kama anazungumza na mjomba wake, kafungua daftari, kauliza kimoja kimoja. Umri wa chombo unahesabiwa vipi. Betri ikiwa imebadilishwa inakuwaje. Na hili hapa, Ami alilirudia mara mbili kwa jinsi lilivyomfurahisha: "Mkikadiria ushuru, mnahesabu kwa bei niliyonunulia mimi, au kwa bei yenu ninyi?"

Afisa akacheka akasema, "Dada, swali hilo watu huja kuliuliza wakati chombo kimeshafika bandarini."

Ami akaghairi ile ya kwanza, akaagiza nyingine, mpya zaidi, uliyomchagulia wewe. Ulimwambia, "Usitazame rangi, Ami, tazama mwaka. Na betri nayo ina mwaka wake." Leo inapita hapa kila asubuhi na matairi juu, kimya kabisa, mpaka watoto wameshazoea kuikwepa kwa macho badala ya masikio.

Alipokuwa anasimulia, mie niliingia nyuma ya rafu ya shokapu. Nilisema natafuta boksi. Nililia, mwanangu. Kwa fahari, ndiyo, wallahi kwa fahari. Lakini pia kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia. Yote mawili, lile la bei yao na lile la rangi na mwaka. Aliniambia Shabani.

Sasa sikiliza.

Baba yako, Mungu amrehemu, aliendesha magari ya watu maisha yake yote. Alitaka moja tu la kwake, alifanye teksi, arudi nyumbani saa anayotaka yeye. Tulikuwa na kiwanja Kigamboni, enzi hizo daraja halijajengwa, tunavuka na pantoni kwenda kukitazama tu, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Tukakiuza. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye duka la spea, ndiye najua majina ya vyuma, baba yako akasema, "Mama Zuhura, gari chagua wewe."

Nikachagua. Jeupe, dogo, milango mitano. Nilipewa picha yake kwenye karatasi, nikaikunja nikaiweka ndani ya msahafu. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko mengine yote niliyoonyeshwa, nikajiona mjanja. Nikachukua bei hiyo, nikapiga hesabu ya ushuru juu yake, nikaona hela inatosha na inabaki ya kukupeleka shule nzuri.

Mjomba wako Shabani, mdogo wangu wa mwisho, wakati ule alikuwa karani kwa wakala wa kutoa magari bandarini. Alikuja dukani, nikamwonyesha picha kwa maringo. Akaitazama sana.

"Dada, hili umri wake umepita. Watakutoza na uchakavu, juu ya ushuru."

"Uchakavu wa nini? Huoni linavyong'aa?"

"Si rangi, dada. Ni mwaka. Na hii hesabu yako umepiga kwa bei uliyonunulia. Wao wana bei yao, ya kila gari, kwenye orodha yao. Risiti yako wataitazama, halafu watafungua orodha yao. Twende ofisini nikupeleke ukaulize, siku moja tu."

Nikamtazama. Unajua nilimjibu nini? "Sema tu unataka cha juu cha mfukoni mwako, Shabani. Usizunguke."

Alikuwa ameshika soda. Akaiweka juu ya meza, hajaimaliza. Akasema, "Haya dada. Agiza."

Nimeiuliza nafsi yangu miaka yote hii kwa nini sikwenda kuuliza. Si ubishi tu. Mie nimeishia darasa la saba. Kwenda kwenye kaunta, mbele ya watu wenye tai, niseme sijui, niliona ni kujivua nguo. Ningeaibika kwa dakika mbili. Nikaona bora nisiaibike. Kwa hiyo ninaposikia wewe ulikaa pale na daftari lako ukauliza kitu usichokijua, mbele ya Ami Nasoro na afisa na foleni nzima, bila kuona haya, mimi naona mtu ambaye sikuwahi kuwa. Sijui umeitoa wapi tabia hiyo. Kwangu hukuitoa.

Gari likaja. Makadirio yakatoka, na kila alichosema Shabani kikawa, kimoja baada ya kingine. Hela niliyokuwa nayo haikufika hata nusu. Nilienda kulitazama kwa nje ya uzio, limepaki katikati ya wenzake, kioo kina vumbi. Kila siku linapokaa pale, gharama ya kukaa nayo inapanda. Nilizunguka kwa ndugu, nikazunguka kwa mashoga zangu. Mwisho likaenda mnada.

Na baba yako akaniuliza, kwa upole tu, kaketi pale uani kwenye kile kigoda: "Hesabu ya ushuru alikupigia nani?"

Ningeweza kusema, mimi. Neno moja. Nikasema, "Alinipigia Shabani. Nadhani kuna kitu alikula."

Ndivyo ilivyokuwa, Zuhura. Sentensi mbili, nimezisema nikiwa nachambua mchicha. Mjomba wako hakula gari. Gari nililipoteza mimi, na alinikataza.

Baba yako akasimama pale pale. Tukaenda hadi Tabata, nyumbani kwa Shabani, tukamkuta na wakwe zake wamekuja kumtembelea. Baba yako hakuwa mtu wa fujo, unamjua, lakini siku hiyo alisema mbele yao wote. "Shemeji, nilikuamini na jasho langu." Shabani hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nami nikatazama mkeka. Kisha akasema, "Kama dada kasema hivyo, mimi sina la kuongeza."

Hakuongeza mpaka leo. Maneno yakasambaa, yakafika kwa bosi wake, na karani wa bandarini akishasemwa amekula gari nani atampa kazi tena? Akahama Dodoma na mkewe, kuanza upya. Angeweza kunitaja wakati wowote. Risiti za makadirio alikuwa nazo, tarehe alikuwa nazo, na watu walimwona na soda ile akinionya dukani. Hakunitaja. Nimeishi na watu wengi wanaosifiwa kwa dini yao, lakini mtu aliyeibeba aibu ya dada yake miaka yote hii bila kulalamika, nimemjua mmoja.

Baba yako aliondoka duniani akiamini nilichomwambia. Hilo siwezi kulirekebisha. Namwombea kila swala, na najiombea mimi. Lakini nilimuuliza sheikh wetu, nikijifanya nauliza kwa ajili ya shoga yangu, akaniambia haki ya mtu inaombwa kwa mtu mwenyewe, aliye hai, usoni au sikioni. Nadhani alijua hakuna shoga.

Sasa lile kava jekundu la usukani. Lile lililokuwa likining'inia dukani kwenye msumari juu ya droo, ambalo wateja walikuwa wakilitaka na mie nawaambia haliuzwi. Uliniuliza ni la nani, nikasema la mteja aliyesahau. Hakuna mteja. Alilileta Shabani. Baada ya mimi kumtukana kwamba anataka cha juu, wiki chache kabla meli haijafika, alipita dukani akaliweka mezani. "La shemeji, gari likitoka." Hakutaka hata maji. Siku tuliyotoka Tabata baba yako alilitupa jalalani. Mie nikalifuata, nikalifuta, nikalitundika. Nilidhani nikilitazama kila siku ni adhabu tosha. Si kweli. Kutazama kitu si kukitengeneza, wewe fundi unalijua hilo kuliko mimi.

Leo mchana, baada ya kuswali Adhuhuri, nilimpigia. Nilikuwa nimeshapiga mara mbili wiki hii nikakata kabla hajapokea. Leo akapokea kabla sijakata.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Shabani, nataka kukuambia kitu, usinikatize. Nilimdanganya Baba Zuhura. Hesabu ile ilikuwa yangu. Wewe ulinionya."

Nasikia mtu anagonga nyundo huko kwake, mara akaacha.

"Shabani?"

"Nipo, dada."

"Nisamehe."

Kisha akasema, "Mtoto anafika na treni ya saa ngapi?"

Nikamwambia. Akasema, "Nitakuwepo." Akakata. Sijui kama nimesamehewa, mwanangu. Hakusema ndiyo, na sina haki ya kumlazimisha aseme. Najua tu kwamba atakuwepo stesheni.

Chumba ulicholipia ni chako, sikwambii ukiache. Wala usimwombe radhi kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu, nitakuja Dodoma nikipata wa kuniangalizia duka, nipige magoti mwenyewe mbele ya mkewe pia, maana naye aliaibishwa nyumbani kwake. Na majirani wa mstari wetu nitawaambia, naanza na Ami Nasoro kesho, yeye atawafikishia wengine bila kutumwa. Kwako naomba uniruhusu nibaki mama yako ukiwa unajua hili. Ukihitaji muda wa kunikasirikia, chukua. Ila usimkasirikie yeye hata dakika moja zaidi. Ulimchukia kwa maneno yangu.

Nawe nenda ukajifunze, mwanangu. Hao wanaosema magari ya umeme ni ya watu wa mbele huko, Ulaya, na wanaosema ni mchezo wa msimu, waache. Mie nimeshaona kwa macho yangu chombo kisicho na plagi kikipandisha matairi ishirini na dereva akisikia hadi adhana njiani. Nimeona aliyekichagua ni binti niliyemlea kwenye maboksi ya filta. Rafu zile zenye mikasi sijazifuta. Ukirudi utaniambia tuweke nini.

Fungua begi lako jeusi, chini ya khanga mbili. Kava lipo pale, nimelitia wakati ukioga. Shabani hajakuona tangu ukiwa darasa la nne, umebadilika, hatakujua kwa sura, na picha zako hana kwa sababu yangu. Ukishuka lishike mkononi, lionekane. Hilo atalitambua. Akikukaribia mwamkie, "Shikamoo mjomba," kisha mpe. Ni lake. Kama atakurudishia uliweke kwenye usukani wa gari la kwanza utakalolitengeneza, lipokee kwa mikono miwili.

Mungu akufikishe salama, akupe elimu yenye manufaa, akulinde na kila shari, amin.

Nijibu upesi mwanangu, hata mistari miwili. Nataka kujua umefika, na nataka kujua alisema nini alipoliona.

Mama yako